Farasi Waliopita Kisanga

Tarehe 22 Agosti 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wa Jenerali Jaap van Deventer wa upande wa Waingereza waliingia Kilosa. Walikuwa wametoka Kondoa Irangi wakapitia Dodoma na Mpwapwa, wakiifuata reli ya kati na kuwasukuma Wajerumani mbele yao. Wengi walikuwa watu wa Afrika Kusini, wana wa wafugaji waliokulia juu ya matandiko. Kutoka Kilosa wakashika njia ya kusini kupitia mahali paitwapo Ulaya, humu humu wilayani Kilosa, na bonde letu hili la Kisanga, hadi Kidodi, ambako walifika mwezi Septemba. Kwa hiyo farasi wamewahi kupita Kisanga. Hawakuacha uzao.

Kufikia hapo, wapanda farasi wengi walikuwa wamegeuka askari wa miguu. Mnyama aliyeshushwa melini akiwa amenona, manyoya yaking'aa, alikuwa na wiki chache tu za kuishi akishaingia nyika. Alianza kwa homa, akakonda huku bado anakula, miguu na tumbo vikavimba, macho yakaingia ukungu, mwisho akalala asinyanyuke. Katika vita vile wanyama wa kazi, yaani farasi, nyumbu na punda, walikufa kwa maelfu kwa maelfu. Mizigo yao ikahamia vichwani mwa wapagazi Waafrika, nao wakafa kwa maelfu. Anayetaka kujua kwa nini nchi hii haikuwahi kuwa nchi ya farasi, na kwa nini vita vya wageni vilibebwa na shingo za babu zetu, aanzie hapa.

Jambo lenyewe halikuwa geni mwaka 1916. Richard Burton na John Hanning Speke, waliporudi kutoka Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa mwaka 1859, walishika njia ya kusini inayopita bonde la Kisanga, na kufikia wakati huo punda walioondoka nao pwani walikuwa wamekwisha kufa karibu wote. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo na farasi wawili, wote zawadi alizopewa Unguja. Walimfia kabla hajafika Morogoro, mmoja baada ya mwingine, mahali palipoitwa Kingaru. Alimzika wa kwanza, na mkuu wa mahali pale akamdai faini kwa kuzika mnyama katika ardhi yake bila ruhusa. Mbele kidogo, katika tope la tambarare ya Makata wakati wa masika, punda nao walipukutika. Anayesafiri leo kwa basi kutoka Morogoro kwenda Mikumi hupita juu ya tambarare hiyo hiyo.

Adui ni wawili, na wamegawana zamu. Mchana ni wa mbung'o. Ni mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani, na akitua hulaza mabawa yake moja juu ya jingine mgongoni. Dume na jike wote hunywa damu. Hukaa kwenye vivuli vya miombo na vichaka vya kando ya mito, akivizia kinachotembea, na mate yake yana vimelea vidogo vinavyoogelea ndani ya damu. Mwaka 1895, huko Zululand, daktari wa jeshi David Bruce ndiye aliyeonyesha kwamba vimelea hivyo ndivyo vinavyoua mifugo kwa ugonjwa uitwao nagana na kwamba mbung'o ndiye anayevibeba. Nyati, swala na ngiri huishi navyo bila kuonyesha dalili. Farasi havimudu. Ng'ombe wa asili hujitahidi, punda hujitahidi zaidi ya farasi, lakini hakuna aliye salama kabisa, na Hifadhi ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, imejaa wanyamapori wanaovitunza vimelea hivyo mwaka hadi mwaka.

Usiku ni wa usubi. Hawa ni wadudu wadogo mno, hupenya tundu la chandarua cha kawaida, nao hubeba kirusi cha ugonjwa wa farasi wa Kiafrika. Kirusi hicho hukaa ndani ya pundamilia bila kumsumbua. Kikimwingia farasi asiye na kinga hujaza maji mapafu yake, na mnyama hufa povu likimtoka puani. Katika mlipuko mbaya huweza kuua farasi 9 kati ya 10. Kinga za kale zilikuwa mbili: kuishi kwenye miinuko yenye baridi, na kumwingiza farasi bandani kabla jua halijazama. Chanjo zilikuja baadaye, na hata leo watunzaji wa farasi wa Afrika Mashariki hawaiachi ile desturi ya kufunga milango ya banda mapema.

Kwa hiyo historia ya kulea farasi katika nchi zetu ni historia ya miinuko. Leo ukimtafuta farasi Tanzania utamkuta Kilimanjaro Magharibi na kandokando ya Arusha, ambako wageni huzungushwa juu ya farasi wakitazama twiga, au Mufindi kwenye mashamba ya chai, kule juu ambako baridi ya Juni huuma mifupa. Jeshi la Polisi nalo lina Kikosi cha Mbwa na Farasi. Nje ya hapo ni wachache. Lakini shamba la familia ambalo maisha yake ya kila siku tunayajua vizuri kuliko yote, kwa sababu aliyekulia pale aliyaandika kitabuni, lilikuwa Kenya, Njoro, ukingoni mwa msitu wa Mau, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Mwenye shamba aliitwa Charles Clutterbuck. Binti yake Beryl, mwandishi wa kitabu hicho, alizaliwa Uingereza mwaka 1902 na kuletwa Njoro akiwa na umri wa miaka minne hivi. Mama yake hakukaa. Alirudi Uingereza na mtoto wa kiume, akamwacha binti na baba. Hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu vya walowezi hulipita haraka. Mwaka 1904 serikali ya Kiingereza iliwaandikisha Wamaasai mkataba wa kuwaondoa kwenye sehemu bora za Bonde la Ufa, na mashamba kama hayo yalifuata nyuma ya kuondoka kwao. Hewa safi isiyo na mbung'o, majani matamu, maji ya baridi, vyote hivyo vilikuwa na wenyewe kabla farasi wa kwanza wa Kiingereza hajafungwa kamba Njoro.

Clutterbuck alisaga nafaka, akapasua mbao, na penzi lake lilikuwa farasi wa mbio. Damu aliyoihitaji ililetwa kwa meli hadi Mombasa kisha kwa reli, na nchini kulikuwa pia na vifarasi vya Kisomali na vya Kihabeshi, vigumu, vyenye kwato imara, vilivyozoea jua letu. Shamba likajaa mabanda. Na mabanda yakahitaji watu. Katika Kenya ya zamani mtunza farasi aliitwa saisi, na nyuma ya kila farasi aliyepigwa picha akishinda alikuwako saisi aliyemlisha, aliyemsugua, aliyelala karibu naye alipougua, na ambaye jina lake halikuandikwa chini ya picha.

Sasa tuingie bandani, maana huko ndiko utajiri wa habari hii uliko.

Farasi hubeba mimba kwa miezi 11 hivi. Siku za mwisho chuchu zake hutoa kitu cheupe kilichoganda kama nta ya mshumaa, na hapo anayejua hahami tena kutoka banda lile. Farasi hupenda kuzaa usiku, kukiwa kimya, na akiona watu wengi anaweza kuzuia uchungu kwa saa kadhaa. Beryl alikuwa msichana mdogo bado baba yake alipomkabidhi jike aliyeitwa Coquette, amlinde hadi azae. Usiku wa kuzaa alikuwa na wafanyakazi wawili wa shamba, Toombo na Otieno, na mtoto aliyezaliwa, dume, baba alimpa yeye. Akamwita Pegasus. Mtoto wa kike alipewa uhai mzima wa kuulea, na nadhani maisha yake yote yaliyofuata yalianzia kwenye majani yale ya kulalia.

Kuzaa kwenyewe huenda haraka. Maji yakivunjika, mtoto hutakiwa awe nje ndani ya nusu saa hivi: miguu miwili ya mbele kwanza, mmoja umetangulia kidogo, pua imelala juu ya magoti. Ikija tofauti na hapo, mkono wenye ujuzi unahitajika mara moja. Mtoto akitoka, mshika zamu mwema hana haraka ya kukata kitovu, maana damu bado inapita kutoka kwa mama. Ndani ya saa moja au mbili mtoto anatakiwa asimame, ile miguu mirefu ikitawanyika huku na huku, na ndani ya saa mbili tatu awe amenyonya. Maziwa ya mwanzo, dang'a, ndiyo kinga yake yote. Farasi hazaliwi na kinga kutoka tumboni, na baada ya siku ya kwanza utumbo wake haupokei tena kinga hiyo. Mtoto wa farasi aliyekosa dang'a ana nafasi ndogo ya kuishi, hata alale kwenye banda la dhahabu.

Kisha mafunzo huanza, na huanza siku ile ile. Watu wengi hudhani kumfundisha farasi ni kumrukia mnyama mkali na kung'ang'ania mgongoni mpaka achoke. Ndivyo ilivyofanywa katika nchi nyingi, na farasi wengi waliharibiwa hivyo. Katika shamba linaloendeshwa vizuri hakuna siku ya kumvunja mnyama. Kuna siku nyingi ndogo. Siku ya kwanza mtu humkausha mtoto kwa majani makavu na kumgusa kila mahali: masikio, tumbo, chini ya mkia, kila mguu mpaka kwatoni. Siku zinazofuata humkumbatia kifuani kwa mkono mmoja na nyuma kwa mkono wa pili, akimwongoza ubavuni mwa mama yake. Baada ya wiki moja hivi huvalishwa hatamu nyepesi isiyo na lijamu, na hakokotwi nayo. Mtu husubiri. Mtoto akipiga hatua moja mbele, kamba hulegea mara moja, na kulegea huko ndiko shukrani anayoielewa. Lugha yote ya farasi imo humo: bana kidogo, subiri, achia pale pale anapoitikia. Anayechelewa kuachia amefundisha jambo tofauti na alilokusudia.

Kunyanyua miguu ni somo linalodharauliwa sana. Farasi ni mnyama wa kukimbia, na mguu wake ndio uhai wake. Akikukabidhi mguu amekukabidhi kila kitu. Kwato hukatwa na kusawazishwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, na mtoto ambaye hakuzoeshwa mapema atampiga mkata kwato teke siku ya kwanza, atachapwa, na kuanzia hapo atakuwa na adui kwa maisha yake yote. Ukimchokoa kwato kwa kidole akiwa na wiki mbili, kesho hivyo, keshokutwa hivyo, akiwa na miaka mitatu na kilo zaidi ya 400 atakunyanyulia mwenyewe.

Akitimiza miezi 6 hivi huachishwa ziwa. Hiyo ni wiki ya makelele. Mama analia upande huu wa boma, mtoto upande ule, na watu wa shamba hawalali. Njia ya upole ni kuwaacha watoto wawili watatu pamoja, pakiwa na jike mzee mwenye busara wa kuwatuliza. Kuanzia hapo hadi mwaka wa pili mtoto hana kazi kubwa zaidi ya kula, kukimbia na kupigana michezo na wenzake. Anachungwa na kundi. Wakubwa humwadabisha: akikosa adabu kwa jike mzee hung'atwa au kufukuzwa pembeni, na anayefukuzwa pembeni huogopa, maana kwa mnyama wa mbuga kuwa peke yake ni kuwa chakula. Mkufunzi mzuri hujifunza kwa jike huyo. Hasira zake ni fupi, na akishasamehe amesamehe.

Siku za shamba la farasi hufanana, na uzuri wake uko katika kufanana huko. Kabla ya mapambazuko saisi huwasha taa na kutazama ndoo: nani hakumaliza chakula cha jana? Farasi aliyeacha chakula amesema jambo. Hutazama kinyesi, kwa sababu utumbo wa farasi ni mrefu na mwepesi kujifunga, naye hawezi kutapika, hivyo tumbo linaweza kumuua kati ya asubuhi na jioni. Hupitisha kiganja kwenye kila mguu akitafuta joto lililozidi. Kukipambazuka wale wa mbio hutolewa na kwenda mwendo wa matiti, kisha wa shoti, kwenye njia ya majani wakati hewa bado ya baridi. Wakirudi hutembezwa mpaka jasho likauke, husuguliwa, hulishwa, hupumzishwa. Mchana ni wa watoto na masomo yao mafupi, robo saa tu kila mmoja, maana akili ya mnyama mchanga huchoka kabla ya miguu yake. Mazizi hufagiliwa, majani machafu hutolewa, maji hubadilishwa. Kabla ya jua kuzama wote wako ndani. Kesho yake ni yale yale, Jumapili ni yale yale, na siku ya msiba pia ni yale yale, kwa sababu farasi hajui msiba wa watu.

Mwaka wa pili ndipo tandiko linapotokea. Kwanza hunuswa. Hulazwa juu ya uzio karibu na chakula mpaka limekuwa kitu cha kawaida. Kisha gunia jepesi mgongoni, kisha mshipi wa tumbo umefungwa kwa ulegevu, kisha tandiko lenyewe lisilo na mtu, mnyama akizungushwa kwa kamba ndefu kushoto na kulia. Lijamu huwekwa mdomoni ikiwa imepashwa joto kiganjani, maana chuma cha baridi asubuhi ya Njoro humfundisha kukaza meno. Siku mtu anapompanda kwa mara ya kwanza hujilaza tu kwa tumbo juu ya mgongo, hushuka, hujilaza tena. Kama kazi ya miaka miwili ilifanywa vizuri, siku hiyo hakuna cha kuhadithia.

Farasi wa mbio hupandwa na miaka miwili, kwa sababu fedha za mbio haziwezi kusubiri. Hilo mimi nalipinga waziwazi. Mifupa ya magoti ya mbele huchukua miaka miwili na zaidi kukomaa, na ile ya uti wa mgongo husubiri hadi mwaka wa tano au wa sita. Mnyama anayebebeshwa mtu na kukimbizwa kwa nguvu zake zote kabla ya hapo analipa deni la mwenye fedha kwa miguu yake. Beryl mwenyewe alilijua hilo. Farasi aliyempa ushindi wake mkubwa wa kwanza, Wise Child, alimjia akiwa na miguu iliyoharibiwa na mazoezi mabaya kwa mkufunzi mwingine. Alimrudisha polepole, akimtafutia ardhi laini ya kukimbilia, na mwaka 1926 jike huyo akashinda mbio za St Leger jijini Nairobi.

Kufikia hapo shamba la Njoro lilikuwa limekwisha. Clutterbuck alikuwa amejifunga kwa mikataba kupeleka unga kwa bei iliyopangwa, ukame ukaja, nafaka ikapanda bei, naye akaheshimu mikataba yake mpaka akafilisika. Akaondoka kwenda Peru kufundisha farasi wa watu wengine. Binti alikuwa na miaka 18 hivi. Alipanda kwenda Molo na farasi wake, akapata leseni ya ukufunzi, jambo ambalo hakuna mwanamke wa Kenya aliyekuwa amelifanya kabla yake. Baadaye akajifunza urubani, na mwezi Septemba 1936 akavuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Alirudi kwa farasi, kwani miaka ya 1950 na 1960 alikuwa miongoni mwa wakufunzi walioshinda zaidi nchini Kenya, kwenye uwanja wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954. Alifariki Nairobi mwaka 1986.

Lakini katika kitabu chake alichokichapisha mwaka 1942 yumo mtu mwingine, na ndiye ninayemtazama zaidi kila ninapokisoma. Kibii alikuwa mtoto wa Kinandi, kama anavyomtaja Beryl, rika lake, aliyecheza naye na kuwinda naye. Alipotahiriwa akawa mtu mzima na kuitwa arap Ruta. Watoto wale wawili waliokuwa sawa katika mchezo wakakutana tena ukubwani, mmoja akiwa mwajiri na mwingine mtumishi anayemwita memsahib. Beryl ameliandika hilo kwa huzuni ya kweli. Ruta alimfuata Molo, akawa naye mabandani, akafika naye hata kwenye ndege. Kuhusu farasi wale, kila asubuhi tuliyoielezea hapo juu ilikuwa ya Ruta kama ilivyokuwa ya Beryl. Leseni ilikuwa na jina moja. Kibao cha washindi kilikuwa na jina moja. Na Ruta hakuandika kitabu.

Haya yote yana nini na Kisanga? Yana mengi, ila farasi hakuna atakayemleta hapa, na asiletwe. Anayemleta farasi kwenye bonde lenye mbung'o mchana na usubi usiku, karibu na hifadhi iliyojaa pundamilia, anamleta kufa. Mnyama wa jamii ile ile tuliye naye ni punda. Wafugaji wa Kiparakuyo na Kimaasai wa wilaya ya Kilosa huhama naye, kina mama humtumia kubeba maji, kuni, magunia ya mahindi, na mizigo ya nyumba nzima boma linapohama. Na punda wetu hukua bila kufundishwa. Hachungwi kama ng'ombe, haulizwi hali kama mbuzi, hanenepeshwi kwa ajili ya mahari. Siku moja hukamatwa na vijana watatu, hufungwa kamba, hubebeshwa, hupigwa. Kisha husemwa kuwa ni mkaidi.

Punda ana tabia tofauti na farasi mahali pamoja muhimu. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama tuli, apime hatari kwanza. Anayeuona utulivu ule kuwa ukaidi humchapa mnyama ambaye tayari ana hofu, na punda hasahau. Mikono ya Njoro ingemfaa kuliko ilivyowafaa farasi. Mimba yake ni ndefu zaidi, mwaka mzima na mara nyingine inapita hapo, na mtoto wake huzaliwa karibu na boma, mahali ambapo watoto wa nyumbani wanaweza kumgusa tangu siku ya kwanza. Anahitaji yale yale: masikio yashikwe, miguu inyanyuliwe, kamba ilegee pale anapoitikia. Gharama yake ni robo saa ya mtoto wa miaka 10 baada ya shule.

Thamani yake nayo imekuwa dhahiri kwa uchungu. Miaka ya hivi karibuni ngozi za punda zilitafutwa barani kote ili zichemshwe kutengeneza dawa ya Kichina iitwayo ejiao, punda wakaibwa mabomani usiku, na bei ya kununua mwingine ikawashinda kina mama waliowategemea. Mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi wa Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Marufuku hiyo inamlinda na kisu. Haimlindi na gunia la kilo 100.

Basi kwako wewe uliye Kisanga, Ulaya, Ruhembe au popote pembezoni mwa Mikumi, na una punda jike mwenye mimba, ninakuomba haya. Mtoto akizaliwa hakikisha amenyonya dang'a, na mguse kila siku. Usimbebeshe kabla hajatimiza miaka mitatu, na mzigo mzito usubiri hadi mwaka wa nne. Mzigo usizidi theluthi ya uzito wake, ambayo kwa punda wetu wengi ni kilo 50 hivi, na uweke gunia laini lililokunjwa pande zote mbili za uti wa mgongo ili kamba isimchane. Ukimwona anakonda huku anakula, mwite mtaalamu wa mifugo wa kata mapema, wala usimpige dozi ya ng'ombe kwa kukisia, kwa sababu baadhi ya dawa za nagana punda na farasi hawazivumilii kama ng'ombe. Na mtoto wako wa kike au wa kiume anayejua kumtuliza punda kwa mkono, mtaje mbele za watu kwa jina lake.